Teen Titans Go!: mchoro unabebeshwa lawama ya dakika

Tangu Aprili 2013, Cartoon Network ilipoanza kurusha Teen Titans Go!, mashabiki wa Teen Titans ya kwanza (2003 hadi 2006), katuni ya kundi la mashujaa vijana, wamekuwa na kilio kimoja: mchoro umeharibiwa. Robin, kiongozi wa kundi, aliyechorwa kwa pembe kali, mabega yamekakamaa, sasa ana kichwa kikubwa juu ya miguu mifupi. Kivuli usoni hakipo tena, na mistari ni minene. Kilio hicho kina haki, kwa sababu ile ya kwanza iliisha Januari 2006 ikiwa na vipindi 65 na maswali mengi yakining'inia. Watu walisubiri miaka saba wapate mwendelezo, wakaletewa vichekesho.

Lakini ukiziweka katuni hizi mbili kando kwa kando, utaona kilichopotea kwanza ni muda. Mchoro ulifuata baadaye.

Chukua habari ya Terra katika msimu wa pili wa katuni ya kwanza. Ni binti mwenye nguvu za kuamrisha ardhi na miamba. Anapokewa kundini, anampenda Beast Boy, mmoja wa mashujaa hao, kisha anawasaliti wenzake kwa Slade, adui wao mkubwa. Mwishoni anajitoa mhanga kuzuia volkano na kugeuka jiwe. Wenzake wanaacha pangoni kibao chenye maneno ya kumwita rafiki wa kweli. Kibao kile kinaliza watu kwa sababu vipindi kadhaa nyuma tulishamwona Terra akicheka na Beast Boy kwenye uwanja wa mabembea. Huzuni hiyo ililipiwa kwa awamu.

Kipindi cha Teen Titans kilikuwa na takriban dakika 22, na hadithi ilivuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Kila hadithi ya Teen Titans Go! ina dakika 11 hivi. Ndani ya hizo lazima tatizo lifunguliwe, likue, lipasuke na mambo yarudi yalivyokuwa, maana kituo kinataka kurusha hadithi yoyote siku yoyote bila kujali mpangilio. Mtoto akikosa tatu, ya nne haimpotezi. Kwa kituo hiyo ni faida kubwa, ila Terra hawezi kuishi humo.

Hapo ndipo mchoro unapoingia. Katuni za runinga kwa kawaida hutengenezwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mhusika mmoja akisogea dakika 22 mfululizo, ni michoro 15,840. Hakuna katuni ya runinga inayochora yote hiyo, ndiyo maana unaona nyuso zimetulia huku mdomo peke yake ukicheza. Njia ya vipande kwenye kompyuta inapunguza mzigo zaidi: mhusika anajengwa mara moja, kichwa, macho, midomo kadhaa na mikono, katika mielekeo michache ya mwili, kisha vipande vinasogezwa kama karagosi.

Njia hii ina mahali inapokwama. Ngumi ikija moja kwa moja kuelekea kwa mtazamaji, mkono unatakiwa ufupike na ngumi ikue, na kipande kilichochorwa kwa ubavu hakiwezi kufanya hivyo. Inabidi kuchora upya. Bajeti ikibana, mwongozaji anakwepa pigo la namna hiyo na kuwapanga wahusika kwa mstari wakielekeza nyuso mbele. Ongeza mikono mifupi isiyofika mbali, na pambano linakosa uzito. Kichekesho hakidhuriki na hayo, kwani mzaha unategemea mkao na kasi. Kwa kazi ya kuchekesha ndani ya dakika 11, mchoro wa Teen Titans Go! ni chaguo la watu wanaojua wanachofanya.

Wanaoitetea wana hoja nyingine nzito. Vichwa vikubwa havikuletwa mwaka 2013: katuni ya kwanza, iliyoazima sana kutoka katuni za Kijapani, ilikuwa ikiwageuza wahusika kuwa vikatuni vifupi kila mzaha ulipoingia. Waigizaji watano wakuu wa sauti ni wale wale. Watoto waliipokea, ikapita vipindi 300. Tena uaminifu kwa asili si kinga: ThunderCats ya 2011, toleo jipya la katuni ya zamani, yenye hadithi nzito na mchoro wa heshima, ilikatwa baada ya vipindi 26. Ya 2020, ThunderCats Roar, yenye mchoro wa kitoto na mizaha, nayo haikuvuka msimu mmoja.

Kwa upande mwingine kuna She-Ra ya Netflix, nayo toleo jipya la katuni ya zamani. Mwaka 2018 picha za kwanza zilizua hasira kwa sababu mwili na uso wa shujaa vilibadilishwa kabisa. Mchoro haukurudishwa nyuma, lakini hadithi ilipewa misimu mitano ya kufuatana, na ugomvi wa Adora, ambaye ndiye She-Ra, na Catra, rafiki yake aliyegeuka adui, ukapata nafasi ya kuiva.

Kwa hiyo kosa la Teen Titans Go! naliona penye ahadi. Jina, sauti na mavazi vilimwambia shabiki kwamba watu wake wamerudi. Jina jingine lingepunguza nusu ya uchungu. Na katika hadithi ya kurudi kwa Slade, Slade haonekani. Mahali pake kuna kichekesho cha mwigizaji wa kuchekesha watoto ambaye Cyborg na Beast Boy wanamkumbuka kuwa bora kuliko alivyokuwa, na walengwa ni mashabiki wenyewe. Kumdhihaki mtu aliyetunza kazi yako kwa miaka saba si haki.

Toleo jipya la katuni unayoipenda likitangazwa, usianzie kwenye macho na pua. Tafuta kwanza kila hadithi ina dakika ngapi na kama vipindi vinafuatana. Kisha tazama tangazo bila sauti: je, kuna mhusika anayeachwa kimya, ametulia, hata kwa sekunde tatu?