Kitambi cha mume nacho kipimwe

Katika kikao cha familia cha hivi karibuni, shangazi yetu alimgeukia mke wa binamu yangu na kumuuliza, mbele ya wakwe na watoto, atawapa lini mtoto. Mumewe alikuwa ameketi kando yake, akiwa na kitambi ambacho wazee walikuwa wametoka kukisifu kuwa ni dalili ya kutunzwa vizuri, naye akanyamaza kimya. Mwanamke huyo amekwisha kupigwa picha ya mirija ya uzazi, amepimwa homoni na kumeza dawa za kupevusha mayai, ilhali mumewe hajawahi kupeleka manii maabara.

Kimya kile kiliniudhi kuliko swali lenyewe. Katika takriban nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe, na unene ni miongoni mwa mambo yanayomfikisha huko.

Mafuta ya tumboni hayakai bure. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Estrojeni ikizidi, ubongo hupunguza homoni zinazoziamuru korodani kufanya kazi, na korodani zisipoamriwa hupunguza testosteroni na mbegu pia. Mafuta hayo pia huweza kuufanya mwili uwe sugu kwa insulini, yaani usiiitikie ipasavyo homoni hiyo inayodhibiti sukari ya damu; hapo kongosho huimwaga kwa wingi zaidi ili sukari isipande, na hali hiyo huendana na kushuka kwa testosteroni katika damu na kuongezeka kwa kemikali haribifu zinazokata vinasaba vilivyomo ndani ya mbegu. Mbegu ya namna hiyo huweza kulifikia yai na kulirutubisha, lakini kukatika huko kwa vinasaba kumehusishwa na mimba kuharibika, na mimba ikiharibika, nani huulizwa alikula nini au alibeba nini kizito? Usugu huo mara nyingi huanza miaka mingi kabla ya kisukari kutangazwa. Wakati mwingine dalili yake ni weusi kwenye mikunjo ya shingo, ambao watu huusugua kwa sabuni wakidhani ni uchafu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaume wanene wenye watoto wengi, na wapo wembamba wasio na mbegu hata moja. Hilo ni sababu ya kupima, wala si sababu ya kukaa nyumbani.

Wengine, wakisikia homoni imeshuka, hukimbilia sindano za testosteroni, nazo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Tafadhali, anayetafuta mtoto asichomwe sindano hiyo.

Kinachonipa matumaini ni kwamba hali hii hubadilika. Nchini Denmark, wanaume wanene 56 walipewa mlo wa kalori chache kwa wiki 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa walipungua wastani wa kilo 16.5, wingi wa mbegu katika kila mililita ukaongezeka kwa karibu nusu, na waliofanikiwa kutorudisha uzito waliendelea kunufaika mwaka mmoja baadaye. Korodani huhitaji takriban miezi miwili na nusu kukuza mbegu mpya, kwa hiyo mume anayeacha soda na chipsi leo na kuanza kutembea kila jioni asikate tamaa kwa majibu ya mwezi ujao.

Ninachowaomba madaktari ni kwamba siku wanapomwandikia mke kipimo chake cha kwanza, wamwandikie na mume chake siku hiyo hiyo: manii, sukari kabla ya kula na mzunguko wa kiuno. Kutoa manii hakuhitaji kisu wala dawa ya usingizi, bali siku 2 hadi 7 za kujizuia na kikopo kisafi, na mke asipelekwe kwenye picha wala upasuaji kabla majibu ya mumewe hayajawekwa mezani.