Kichwa cha Shemeji

Nimekatiwa simu. Miye, mtu mzima mwenye mvi zangu na heshima zangu hapa Barabara ya 12, nimekatiwa simu na mtu ambaye mahari ya dada yake niliimaliza yote, tena bila kukumbushwa.

Kosa langu? Nimeuliza kichwa chake kina inchi ngapi.

Mama Zubeda ndiye aliyetangaza kuwa Idi hii hakuna zawadi ya dukani, kila mtu atatumiwa kitu cha mkono. Nikaitikia haraka, nikidhani mkono ni wake. Kumbe visheti vyake, kofia yangu. Ujanani nilishona, sikatai, lakini kofia ya viua si mchezo: unatoboa vitundu kimoja kimoja, unavizungushia uzi, hadi umalize macho nayo yamekwisha. Nimeanza Rajabu. Sasa tumo kumi la mwisho na sijui nimkatie kipimo gani. Nikapiga Mwanza.

"Shemeji, hebu chukua uzi, jizungushie kichwani, kata panapokutana, kisha mpe konda yeyote anayekuja Tanga aniletee."

Kimya. Nikamsikia anamnong'oneza mkewe: "Wa Tanga anataka uzi wa kichwa changu."

"Uzi wa nini, shemeji?"

"Siwezi kukwambia. Utaona mwenyewe siku ya Idi."

"Nitaona nini?"

"Usiwe na wasiwasi. Kazi nafanya usiku, wakishalala watu."

Naapa nilikuwa namaanisha utulivu! Nikaona nimtoe hofu, nikamwambia ikishakamilika inapitishwa kwenye wanga, ndipo isimame vizuri.

"Wanga?"

"Eeh. Bila wanga haisimami."

"Wanga wa wapi?"

"Wa hapa hapa nyumbani. Dada yako ana wake."

"Dada yangu mimi?"

"Tangu zamani! Hata majirani huja kuazima."

Hapo akapaza sauti, eti uzi wake twende tukaukate wenyewe mapangoni Amboni, na mama yao akisikia haya atakufa. Tii, simu imekatwa. Mtu kasoma hadi chuo, hajui nguo hutiwa wanga! Mashati yake ya shule nani alikuwa anayanyoosha?

Sasa Mama Zubeda kasimama mlangoni, mkono una unga hadi kiwikoni, anauliza nimemwambia nini kaka yake. Nimwambie nini? Nimejibu mtandao mbovu.

Na yeye ana yake. Sukari ya shira imepanda tena. Visheti vya kutuma Dodoma vimebaki nusu bakuli, maana watoto wanavionja mchana kweupe, ukiwauliza wote wamefunga, midomo inanata. Juzi mbuzi wa jirani kala ukili wa kikapu cha mzigo, jirani anasema nishukuru hakula kofia.

Haya, na tukishafunga kila kitu, mzigo upelekwe Kange. Stendi wameitoa mjini wakaitupa kule, bodaboda anataka nauli kama vile anaufikisha Mwanza mwenyewe. Ukifika, karani anakishika kifurushi, anakitikisa sikioni, anauliza, "Kitamwagika?" Mzee, kama hakikuwa kinamwagika, sasa kitamwagika! Na chupa ya achari ndiyo iko juu, ile ya embe, ambayo jana niliianika kwenye bati na...

Wewe! Nani yuko juu ya bati? Shuka! Haijaiva hiyo!