Printa ya Sablimesheni: Ugeuze ya Tangi au Ulipie Iliyoundwa kwa Kazi Hiyo?

Jezi nane nyeupe za timu ya mtaani kwetu Umoja zilitoka kwenye hiti presi, ile mashine ya kubana kwa joto, zikiwa na nambari za rangi ya chai iliyokosa majani. Tulikubaliana nyeusi. Joto lilikuwa sawa, karatasi haikuwa na neno. Shida ilikuwa printa: niliinunua mtumba, muuzaji akaapa kwamba imeshageuzwa kuwa ya sablimesheni na iko tayari, nami nikachapa bila kuuliza ni wino wa nani uliomo ndani. Jezi nane nilizilipa kutoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo mtu anayeanza akiniuliza anunue printa gani, sijibu kwa jina la kampuni. Namuuliza kwanza atachapa nini, na mara ngapi kwa wiki.

Sablimesheni ni kazi ya mvuke. Picha huchapwa kinyume kwenye karatasi, kisha karatasi inabanwa juu ya kitambaa au kikombe kwa nyuzi joto kati ya 180 na 210 za Selsiasi. Wino uliokauka hugeuka gesi bila kuyeyuka kwanza, ukaingia ndani ya poliesta na kukaa humo. Ndiyo maana picha haibanduki hata jezi ikifuliwa mwaka mzima. Ndiyo maana pia tisheti ya pamba tupu itatoka imepauka, na kikombe cha kawaida cha dukani hakitashika kitu kama hakikupakwa ile tabaka yake maalumu.

Wino huu hautaki kuchemshwa kabla ya wakati wake. Printa nyingi za nyumbani za HP na Canon hurusha matone kwa kuupasha wino joto ndani ya kichwa cha kuchapia. Zile za Epson huusukuma kwa vipande vidogo vinavyojikunja vikipata umeme, bila joto. Ukizunguka River Road, Nairobi, ukiulizia printa ya kazi hii, karibu kila duka litakutolea Epson, na hapo hawakudanganyi.

Mabishano yanaanza baada ya hapo. Kambi moja inasema nunua ya tangi ya kawaida, ile inayojazwa wino kwa chupa, L3250 ya Epson kwa mfano, usiitie wino wake wa kiwandani hata tone, ujaze wa sablimesheni, uanze kazi. Kambi ya pili inasema lipa zaidi upate iliyoundwa kwa kazi hii tangu kiwandani: SC-F100 ya Epson hiyohiyo, au SG500 ya Sawgrass.

Watu husema rahisi ni ghali, lakini hapa msemo huo una mipaka yake. Printa ya tangi ikikufia Jumatano, Alhamisi unapata nyingine mjini kwa bei ya simu ya kawaida. Mafundi wanaoijua ni wengi. Wino unauzwa kwa chupa, unajaza kiasi unachotaka. Kwa mtu anayetengeneza vikombe vya harusi na zawadi za kuzaliwa, asiye na mkopo wa benki ila pesa za chama cha kuweka akiba, sioni dhambi yoyote.

Gharama yake imejificha kwingine. Warranti inaweza kufa siku unayomimina wino ambao si wa mwenye printa. Rangi nazo zinataka faili ya ICC, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta jinsi wino huu hasa utakavyoonekana ukishapigwa joto. Bila faili hiyo nyeusi inaelekea kahawia au kijani, na nyekundu ya nembo ya shule inakuwa ya matofali. Muuzaji mzuri hukupa faili ya wino wake. Ukibadilisha duka ukapata chupa za mtu mwingine, faili ile haikufai tena. Wengi wanaolia kwamba printa yao imeharibika, ukiwachunguza, wamebadilisha wino tu.

Jambo jingine ni uvivu wa printa yenyewe. Rangi ya wino huu ni chembechembe zinazoelea, si kitu kilichoyeyuka kabisa kama sukari kwenye chai. Zikikaa zinashuka chini na kuziba matundu ya kichwa. Mwenye oda moja kwa mwezi atatumia wino mwingi kusafisha kichwa kuliko kuchapa. (Mwenye cyber, usidhani utachapa vyeti vya PIN ya kodi asubuhi na vikombe jioni kwa printa moja. Ukishaigeuza, imegeuka.)

Printa ya kiwandani inakuondolea sehemu kubwa ya usumbufu huu. Rangi zinakaribia ukweli tangu siku ya kwanza, warranti ipo, na nembo uliyochapa Machi itafanana na ya Septemba. Kama wateja wako ni kampuni na shule, watu wanaolinganisha kitambaa na barua yao yenye nembo, hilo lina thamani ya pesa. Lakini wino wake unakufunga. SG500 inakula katriji za mililita 31 zenye chipu, na huwezi kujaza za mtu mwingine. SC-F100 ina nafuu hapo, kwani chupa zake ni za mililita 140. Vilevile Sawgrass hujisafisha yenyewe ikiwa imewashwa, jambo zuri kwa matundu, lakini wino unaondoka hata siku usiyo na mteja. Usimuulize muuzaji katriji zitakuja lini. Muulize zipo rafuni leo, na ngapi.

Nikiipima mizani yangu: chini ya siku tatu za kazi kwa wiki, ya tangi inatosha, mradi ni mpya. Kazi ikiwa ya kila siku na mteja anaijua rangi yake kwa jina, ya kiwandani inajilipa. Na kwa anayeanza kabisa kuna njia ambayo wauzaji hawaipendi: nunua hiti presi peke yake, karatasi uchapishiwe na wenye mashine mjini, ujue kwanza kama wateja wapo.

Ninaloliona likiwaumiza watu zaidi ya kambi hizi mbili ni ukubwa. A4 inatosha kikombe na bado inabaki nafasi. Kifua cha jezi ya mtu mzima kinataka A3, na printa ya A4 haitapanuka hata ukiiombea. Anayelenga jezi aanzie kwenye L18050, ya tangi ya Epson inayochapa A3, hata kama itambidi angoje miezi miwili zaidi.

Halafu kuna 2027, mwaka wa AFCON hapa Afrika Mashariki na wa uchaguzi mkuu, na tayari kuna wanaokopa kwa ajili yake. Wakope wakijua kwamba sablimesheni haina wino mweupe. Nambari nyeupe juu ya jezi ya kijani ya Gor Mahia haiwezekani kwa njia hii, na bluu juu ya kitambaa cha manjano itatoka kijani. Tisheti nyingi za kampeni zinazogawiwa huwa zimeshatiwa rangi ya chama, na zikiwa za pamba ndiyo kabisa. Kazi hiyo ni ya silkiskrini, ile ya kupitisha wino kwenye wavu, au ya DTF, ile inayochapa kwenye plastiki ikiwa na wino mweupe na gundi ya unga. Jezi nyeupe za mashabiki, sawa, hizo ni zetu.

Mimi sasa natumia L18050 niliyoigeuza mwenyewe ikiwa bado na plastiki yake. Kila Jumatatu na Alhamisi, oda iwepo isiwepo, inachapa ukurasa wa kukagua matundu. Ile ya mtumba bado iko chini ya meza. Kuna kijana wa Kayole anaitaka, na kila akipiga simu namwambia aje na kipande cheupe cha poliesta, tuchape kwanza nambari nyeusi akiona.