Anayelisha swala ndiye asiyeruhusiwa kumgusa

Picha ya Mzungu aliyepiga goti nyuma ya kulungu aliyemuua haihitaji maelezo kuwaudhi watu wa Mwanza. Ikipita kwenye simu, maneno ni yaleyale: jamaa ana kila kitu, nyama imejaa madukani kwao, kwa nini aue kwa starehe? Swali ni halali. Tatizo ni kwamba huulizwa bila mtu kutazama ardhi aliyokulia mnyama yule, nani anaimiliki na kwa nini hakuifyeka.

Texas, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi iko mikononi mwa watu binafsi. Kulungu mwenye mkia mweupe, aliyekuwa amebaki laki chache tu Marekani nzima mwanzoni mwa karne ya 20, sasa anakadiriwa kufikia milioni 30. Misimu ya uwindaji iliyowekwa kisheria ilisaidia sana, na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi huingia kwenye uhifadhi. Lakini yupo pia mwenye shamba anayeacha kichaka kisimame na kupunguza ng'ombe wake, kwa sababu mwindaji humlipa ili aingie. Kwake yeye kulungu ni mapato. Mbwamwitu wa kule walishamalizwa sehemu nyingi, kwa hiyo kulungu wasipopunguzwa na binadamu hula miche hadi msitu unashindwa kujirudisha. Anayemlilia kulungu mmoja pichani aulilie na huo msitu.

Sasa turudi Usukumani, ambako jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ngitili kila mtu hapa anaijua: eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yasimame, mifugo ipate cha kula kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani humo zilikuwa kama hekta 600. Miaka michache baada ya 2000 zilishapita hekta 300,000, nyingi zikiwa za kaya moja moja, zikilindwa na dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji) kuliko na afisa yeyote wa serikali. Miti ikarudi. Ndege wakarudi, na nyuma yao fisi, nyani, sungura na swala wadogo.

Utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu ngitili hizo ulikadiria kwamba faida yake ni takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Upande wa pili uliweka hasara inayoletwa na wanyama waliorudi: takriban dola 63 kwa familia kwa mwaka. Wanaopenda mradi huu huishia hapo wakishangilia, maana familia ya watu sita ingepata zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, na 63 haifiki hata asilimia 7 yake. Mimi nambari hiyo hainiachi. Ile faida inatokana na malisho, kuni, nguzo, asali na dawa. Hasara yote inatokana na wanyama. Ukimtoa mnyama kwenye hesabu, mwenye ngitili anabaki na faida ileile na kuokoa dola 63. Yaani kwa hesabu tupu, mkulima mwenye akili angetaka miti bila swala. Na hiyo ni wastani: mwenye shamba lililogusana na ngitili anapoteza mara kadhaa, wa mbali hapotezi kitu, na wote wawili wanaandikwa 63.

Kwa nini mnyama hana chochote upande wa mapato? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao. Swala akila choroko zako ni wa umma. Akifa kwenye choroko zako bado ni wa umma, na ukikutwa na nyama yake bila kibali umekutwa na nyara ya Serikali, kosa linaloweza kukufikisha kwenye kifungo cha kuanzia miaka 20. Kifuta jasho, yaani malipo kwa aliyeharibiwa na wanyama, kipo, ila chini ya kanuni za 2011 hasara inayozidi ekari 5 haihesabiwi. Leseni za kufuga wanyamapori zipo pia, na tangu 2020 kanuni za bucha za nyamapori, baada ya agizo la Rais Magufuli. Lakini shamba la wanyama linataka uzio na mtaji. Mzee mwenye ekari 15 za ngitili Kwimba hayumo kwenye hesabu za aliyeandika kanuni hizo.

Matokeo yake tunayaona upande wa Serengeti. Makadirio ya watafiti kuhusu nyumbu wanaouawa kwa ujangili kila mwaka, wengi kwa nyaya, yanaanzia 40,000 na kuvuka 100,000, katika kundi la takriban milioni 1.3. Nyama hukaushwa ikawa kimoro, ikashuka vijijini hadi huku ziwani. Waya hauchagui: unanasa jike lenye mimba sawasawa na dume zee, unamkata simba mguu, na mnyama anaweza kufa kwa siku mbili. Risasi nayo hukosea, na mnyama aliyejeruhiwa akatoroka ni aibu ya mwindaji. Ila ukiniuliza ukatili uko wapi zaidi, sitaanza na yule wa Texas.

Wanaopinga uwindaji wa kulipia wana hoja nzito, na iliyo nzito kwangu haihusu maumivu ya mnyama, inahusu usawa. Mgeni analipa, anaua, anapigwa picha; mwanakijiji anaua mnyama yuleyule ale, anafungwa. Ukifungua milango ya uwindaji kwenye ardhi binafsi bila kugusa hilo, utakuwa umewapa wenye ranchi kubwa biashara mpya na kuwaachia wengine magereza.

Hoja ya pili ni uzio. Marekani kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu, ulioonekana kwanza Colorado 1967, na usafirishaji wa kulungu wa kufugwa umeshalaumiwa kwa kuusambaza. Kumfungia mnyama ndani ya uzio ili mteja asimkose, nako sikuoni kuwa uwindaji. Tatu, bucha halali inaweza kuwa mlango wa kuoshea kimoro cha wizi. Hapo sina jibu zaidi ya mihuri na ukaguzi, na sote tunajua ukaguzi wetu.

Ipo na hoja ya takwimu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na kufikia 2016 wanyamapori wa nyanda zake walikuwa wamepungua kwa karibu theluthi mbili. Watetezi wa uwindaji huipenda sana hiyo. Wasisahau kwamba Tanzania, inayoruhusu uwindaji, ilishuka kutoka tembo wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Bunduki halali peke yake haimlindi mnyama, na marufuku peke yake pia haimlindi. Afrika Kusini ilipompa mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio haki ya kummiliki mnyama, kwa sheria ya 1991, mashamba ya wanyama yaliongezeka kwa maelfu, lakini kule ardhi kubwa ilikuwa ya wachache tangu mwanzo. Hatuwezi kuiga hivyo hivyo.

Kwetu ningeanza na kidogo: ngitili za kaya zinazopakana, zikiunganishwa na kijiji kimoja, bila uzio, kwa wanyama wadogo wasio hatarini tu. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ihesabu, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, itoe idadi ya kuvunwa kwa mwaka, na mwaka ambao hesabu ni ndogo pasivunwe kitu. Mgeni mwenye bunduki asubiri kwanza. Wavune askari wa wanyamapori, ambao chuo cha Pasiansi, hapa hapa Mwanza, kinawafundisha tangu 1966, na nyama igawanywe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, mwenye ngitili akitangulia kuchukua fungu lake.