Siku 90 zilipoisha

Mwanzoni mwa 2025 mradi wa afya niliokuwa naufanyia kazi hapa Mwanza ulisimama ghafla, mfadhili kafunga pesa, na sisi tuliokuwa upande wa data tukaambiwa turudishe laptopu na vitambulisho kabla ya Ijumaa. Basi. Ndani ya wiki moja nikawa niko nyumbani na watoto wawili, kodi ya miezi sita inakaribia, na mume wangu ni fundi mwashi yani leo kuna kazi kesho hamna. Machi nikaenda mkesha, sio kanisani kwetu, nilialikwa na rafiki, mtumishi aliyekuwa anahudumu akaninyooshea mkono katikati ya watu akasema mama wewe, ndani ya siku 90 unarudi kazini na mshahara unakuwa mara mbili. Nililia sana. Nikarudi nyumbani alfajiri, nikachukua kalamu, nikahesabu kwenye kalenda ya jikoni, nikapiga duara Alhamisi tarehe 5 Juni.

Siku hiyo niliamka saa kumi alfajiri nikaomba, nikaoga, nikavaa vizuri, simu nikaijaza chaji isije ikazima. Iliita mara mbili tu. Ya kwanza mama mwenye nyumba anaulizia kodi. Ya pili mama yangu mzazi, yuko Muleba, akaniuliza swali analoniuliza kila wiki tangu kazi iishe, "Mwanangu, mmepanda nini huko?" Nikamjibu vibaya, nikamwambia mama mimi nipo mjini nimepanga chumba na sebule nipande nini, nikakata simu. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Naandika haya kwa sababu najua sipo peke yangu, wapo wapendwa wengi wana duara lao kwenye kalenda, la mtoto, la ndoa, la majibu ya hospitali, na tarehe imepita na hawana wa kumwambia.

Usiku ule nilifungua Biblia kwenye ule mstari tunaoupenda wote, Yeremia 29:11, upo kwenye stetasi, upo kwenye fulana, upo kwenye vioo vya daladala. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nimeunukuu maisha yangu yote. Ila safari hii nilikuwa na uchungu, nikasema ngoja nianzie nyuma, nikarudi mpaka sura ya 27, nikasoma mfululizo mpaka kunakucha.

Kumbe kabla ya sura ya 29 kuna nabii mwingine, Hanania. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa ameshamchukua Yekonia mfalme wa Yuda mwaka 597 KK, yeye na mama yake na wakuu na mafundi, pamoja na vyombo vya hekalu, kawapeleka Babeli. Watu waliobaki Yerusalemu walikuwa na swali moja tu, hili hili letu, lini? Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni kuonyesha kwamba bado watamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatoa tarehe, miaka miwili, vyombo vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Na Yeremia akajibu Amina, BWANA na afanye hivyo. Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Yeremia hakuwa mtu anayefurahia mabaya, naye alitamani iwe kweli, kama mimi nilivyotamani, ila kutamani kwake hakukuligeuza kuwa neno la Mungu. Hanania akaivua ile nira akaivunja mbele za watu (naamini watu walishangilia, mimi ningekuwepo ningeshangilia) na Yeremia akaenda zake. Baadaye Mungu akamrudisha na ujumbe kwamba nira ya mti imevunjwa lakini mahali pake pana nira ya chuma. Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Ndipo inakuja barua ya Yeremia, sura ya 29, inaenda kwa watu walioko Babeli kwenyewe, na mambo ya kwanza Mungu anayowaambia hayahusu kurudi kabisa. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozesheni, ongezekeni. Uombeeni mji ule mliopelekwa mateka. Halafu mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye fulana, miaka 70 kwanza ndipo warudishwe. Ule wa 11 unafuata hapo hapo. Maana yake mtu mwenye miaka 40 aliyesikia barua ile ikisomwa, yale mawazo ya amani yalikuwa yake kweli, aliahidiwa yeye, na alizikwa Babeli. Koreshi wa Uajemi alikuja kuwaruhusu kurudi mwaka 538 KK na waliorudi wengi ni watoto na wajukuu.

Mimi sasa nasema wazi, na najua wengine hawatapenda. Hizi tarehe tunazopeana madhabahuni zinaumiza watu wa Mungu. Sisemi Mungu hasemi leo, nimeona maombi yakijibiwa kwa macho yangu, mtoto wangu wa pili ni ushahidi. Ila kumpa mtu aliyekata tamaa siku 90 ni kumfundisha kuiamini kalenda, na kalenda ikipita anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo, yani aliyeumizwa ndiye anabebeshwa kosa. Kuna kaka tuliyekuwa naye kwenye mradi, naye alipewa tarehe yake sehemu nyingine, akapata kazi ya muda ya kuhesabu stoo ya dawa akaikataa, kisa siku zake zilikuwa hazijaisha, alitaka asije akaonekana hajaamini. Ile kazi ilikuwa ya miezi minne. Ingemlipia ada ya mtoto. Siku hizi akiona mtu wa kanisani anavuka barabara, na simlaumu hata kidogo.

Kuamini ninakokuona kwenye Biblia ni kwingine. Ni wale vijana watatu waliokataa kuisujudia sanamu ya mfalme, wako mbele ya tanuru la moto, wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wanaongeza "Bali kama si hivyo". Ni Daudi kwenye Zaburi ya 13 anauliza "hata lini" mara nne mfululizo na hakuna mtu wa kumwambia nyamaza unakiri kushindwa, zaburi ile imewekwa kwenye Biblia tuisali. Na ni Yeremia mwenyewe, huyu ndiye kanigusa kuliko wote, mji umezingirwa na Wakaldayo, yani jeshi la Babeli, yeye yuko kifungoni kwenye uwanja wa walinzi, na Mungu anamwambia nunua shamba la binamu yako kule Anathothi. Shamba liko nchi ambayo adui ameshaizunguka! Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia muhuri, hati zikawekwa ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Alijua mji unaanguka, ndiye aliyekuwa analihubiri hilo. Mwisho wake watu walimchukua wakaenda naye Misri, na Biblia haisemi popote kama alikanyaga tena lile shamba.

Nilimpigia mama kesho yake asubuhi nikamuomba msamaha. Akasema yameisha mwanangu, mmepanda nini?

Nikapanda. Mume wangu alikuja na viroba vya saruji vilivyokwisha site, tukavitoboa chini kwa msumari, udongo tukachanganya na samadi ya kwa jirani anayefuga mbuzi, nikamwaga mbegu za mchicha viroba sita na chainizi vinne, nikavipanga kwenye ukuta wa uani. Siku ya nne asubuhi nilitoka na taa ya simu kabla watu hawajaamka nikachungulia, kulikuwa na vidoti vyekundu vyekundu juu ya udongo, mchicha unaanza na kashina kekundu kembamba kama uzi, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani. Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji. Sikuomba kazi siku hiyo, nilishukuru tu nikakaa kimya.

Sijarudi kazini. Nampelekea mama wa genge mafungu kila baada ya siku mbili, hela yake inatosha chumvi, sabuni na nauli ya mtoto, kodi bado ni vita na kuna usiku nauliza hata lini kama Daudi, kwa sauti, mpaka mume wangu anaamka. Kitu kingine kilichobadilika ni maombi. Kwenye jumuiya tulikuwa tunaleta mahitaji, kila mtu na lake, sasa nimeomba tuwe tunauombea na mji wenyewe, wavuvi, soko, wanaojenga, kwa sababu ile barua inasema katika amani ya mji ndimo na wao watapata amani, na mimi nayaona nyumbani kwangu, watu wakipata hela ya kujenga ndipo mume wangu anaitwa site.

Jumapili hii mama kapiga tena. Nikamwambia mchicha unaenda vizuri, akasema hayo ni majani tu, mti wa matunda je, panda hata mparachichi. Nikacheka nikamwambia mama hapa tumepanga, mpaka uzae tutakuwa tumeshahama. Akasema kwani watakaokuja hawali?

Mche nimeshapata. Mama mwenye nyumba amekubali, amesema niuweke pale karibu na bomba, ila niuzungushie miba kwa sababu ya mbuzi.