Kwa nini sikumtumia mdogo wangu matairi ya Marekani

Mwezi wa tatu mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani, Mafinga, mkoani Iringa. Tukasalimiana vizuri, kamwene, watoto wazima, mvua imekazana, kisha akafika alipokuwa anakwenda: "Kaka, nasikia huko watu wanavua matairi yakiwa bado mazima. Nitafutie manne ya gari la mbao, utafute mtu wa kontena." Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Kwetu, mtu aliyeko Marekani akimnyima ndugu yake tairi kuukuu, neno hilo halilali njiani. Jioni yake mama alinipigia.

Mama nimeshamweleza. Naandika kwa sababu najua ombi hili limewafika wengi wenzangu, na wengi wamelikubali kwa moyo mweupe.

Nianze na gari langu mwenyewe. Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa, na riziki yangu inategemea pikapu nzito, Ford F-250 ya dizeli. Kiangazi inavuta trela lenye mashine za kukata nyasi. Theluji ikianza nafunga jembe la chuma mbele, natoka saa tisa usiku kusafisha maegesho ya maduka. Nililinunua gari hili mkononi mwa mtu, na kilichonivuta kwanza kilikuwa matairi: meusi, kashata (yale meno ya mpira yanayoshika barabara) nene, hakuna hata ufa. Nikajua nimepumzika na gharama hiyo kwa miaka mitatu.

Siku ya kwanza kuvuta trela, mkia wa gari ukawa unayumba. Nikishika breki unayumba, lori likinipita unayumba. Nikadhani shokapu zimekufa. Nilipita kwenye mizani ya malori nikapima: ekseli ya nyuma ilikuwa imebeba kilo 2,610. Kisha nikainama nikasoma ubavu wa tairi, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutoa hela. Palikuwa na namba 116. Namba hiyo ni kipimo cha mzigo, na 116 maana yake ni kilo 1,250 kwa tairi moja likiwa limefungwa kwenye gari dogo la abiria. Ukilifunga tairi la aina hiyo kwenye pikapu, kanuni ya hapa inasema ugawe kwa 1.1, unabaki na kilo 1,136 hivi. Matairi mawili ya nyuma, kilo 2,272. Nilikuwa nimeyazidishia zaidi ya kilo 300, na nyuma ya trela kulikuwa na vijana wawili wa kazi waliozoea kunifuata kwa gari lao.

Upepo wa ndani ya matairi nao ulikuwa hauelewani. Kibandiko cha mlangoni mwa dereva kinataka psi (kipimo cha upepo) 60 mbele na 65 nyuma, wakati ubavu wa tairi lenyewe unasema lisizidi 44. Aliyeniuzia alikuwa amefunga matairi ya gari dogo kwa sababu ni ya bei nafuu na ringi ya inchi 18 inayakubali. Yaliingia na kukaa vizuri, ila kazi ya gari hili hayakuiweza.

Nikaenda duka la matairi. Pesa ilikuwa imebana, nikamwomba kijana wa kaunta anitafutie mengine ya bei kama hiyo, nivuke msimu tu. Akatoka nje na tochi, akasoma kibandiko cha mlangoni, akarudi akaniambia hawafungi. Nikamwambia pesa ni yangu na gari ni langu. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba duka lao halifungi tairi lenye uwezo mdogo kuliko ule ulioandikwa mlangoni, hata mteja akitaka kutia sahihi. Niliondoka nimekasirika. Nilifika nyumbani, nikakaa nje kwenye baridi, hasira ikaisha, nikaanza kuwaza ni lini katika maisha yangu niliwahi kuona mfanyabiashara wa matairi anaikataa hela iliyoko mezani.

Kwa kweli sikumbuki. Na mimi nimekulia gereji.

Mafundi wetu nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Yule fundi pancha wa stendi ya Mafinga wa utoto wangu alikuwa akiuweka mkono juu ya tairi, anausogeza polepole kama anayepapasa paji la uso wa mtoto mwenye homa, halafu anakwambia: hili limeachana ndani, usiende nalo mteremko wa Kitonga. Hakukosea. Tyubu anaizamisha kwenye karai la maji, anasikiliza kabla hata povu halijaonekana. Hapa Minnesota sijakutana na mikono ya namna hiyo. Hapa tairi likitobolewa ubavuni hakuna mazungumzo, linatupwa. Wanaziba tundu la kwenye kashata tu, lisizidi milimita 6, tena kwa kiraka cha ndani. Fundi wetu angelitazama tundu lile la ubavuni akaona kazi ya nusu saa.

Lakini fundi huyo huyo ukimletea tairi lililochanika, atapachika ndani kipande cha tairi jingine, atapiga nyundo, atakufungia, atakuombea safari njema. Hatakukatalia. Akikukatalia utakwenda kwa jirani yake hatua ishirini mbele, na watoto wake nao wanataka kula. Mtu mmoja peke yake hawezi kuwa mkali pale ambapo kila mteja ana pa kukimbilia. Hilo ndilo tofauti kubwa ninayoiona, na wala haimo ndani ya mpira. Kijana wa kaunta hakuwa mwema kuliko fundi wetu. Nyuma yake kulikuwa na duka linaloogopa kushtakiwa, na maduka mengine niliyopiga simu siku ile yalinijibu vilevile.

Mwishowe nilinunua manne ya pikapu nzito, LT275/70R18, yenye herufi E, ambayo ni daraja la nguvu, na kipimo cha mzigo 125. Moja linabeba kilo 1,650 likijazwa psi 80, mawili kilo 3,300. Yalinitoka dola 1,260 pamoja na kufungwa, zaidi ya milioni tatu za kwetu, na mwezi ule sikutuma kitu nyumbani. Mkia wa gari ukatulia siku hiyo hiyo.

Nilichagua yenye kashata za wastani na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, inayoonyesha kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi kwa kazi yangu. Vijana wengi hapa wanapenda yale ya matope, yenye vidole vikubwa, kwa sababu gari linapendeza nayo. Kwenye lami yanapiga kelele, yanaisha haraka, na kwenye barafu hayashiki. Kila nikiyaona yameegeshwa mbele ya nyumba naikumbuka barabara ya Mgololo wakati wa mvua, udongo mwekundu umefika kwenye ekseli, na magari ya mbao kutoka msitu wa Sao Hill yamepanga foleni yakisubiri trekta. Mahali pa tairi lile ni kule.

Baridi imenifundisha jambo jingine kuhusu upepo. Ukijaza psi 65 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, asubuhi nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri utakuta 54 hivi, na hakuna msumari wala tundu. Hewa imejikunja tu. Kwetu mambo yanakwenda kinyume: marehemu baba alikuwa akifika Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, anapima, anakuta upepo umepanda, anapunguza "lisipasuke". Madereva wote wa rika lake walifanya hivyo, na mimi mwenyewe nilimshikia geji. Kumbe kipimo cha mlangoni ni cha tairi lililopoa. Ukipunguza likiwa la moto, jioni linabaki na upepo mdogo, ubavu unajikunja kila linapozunguka, joto linazaliwa ndani, na nyaya za chuma zinaanza kuachana na mpira. Tairi linapasuka kwa dawa ile ile uliyolitibia. Natamani ningemwambia akiwa hai.

Sasa lile ombi la mdogo wangu. Gari lake ni Land Cruiser pikapu, ile ya mkonga, tairi 7.50R16. Haya yangu ya ringi 18 hayaingii kwake hata kwa maombi. Lakini hata ningeyapata ya saizi yake, nisingetuma, na sababu ni tarakimu nne. Kwenye ubavu, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, utaona kwa mfano 2316: wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Hewa na joto vinaukausha kutoka ndani, kashata zikiwa zimesimama vilevile. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri kubadilisha baada ya miaka 6, na watengenezaji wa matairi wanaweka 10 kuwa ukomo. Baadhi ya matairi "mazima" yanayovuliwa huku yamevuliwa kwa umri, au kwa kiraka cha mahali pasipozibwa. Yanapakiwa kontena, yanavuka bahari, yanakaa juani, kisha yanafungwa kwenye gari lililobeba mbao mara moja na nusu ya uwezo wake linaloteremka Kitonga. Aliyeyavua aliyaogopa kwenye barabara tambarare ya lami akiwa peke yake garini.

Wakubwa wanakikumbuka kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza mapema miaka ya 1970 na kusimama miaka ya 2000. Tairi lilikuwa linatoka kiwandani linafika Iringa likiwa bichi. Tangu kiwanda kile kinyamaze, tunachouziwa kimeshaishi sehemu ya maisha yake melini na ghalani, na ndiyo maana tarakimu zile nne zinatuhusu sisi kuliko zinavyowahusu Wamarekani. Zimeandikwa kwenye tairi la Mafinga kama zilivyoandikwa kwenye la Minneapolis. Tumezoea kuuliza lina plai ngapi, tukaridhika tukiambiwa kumi, na siku hizi hata hiyo kumi ni daraja la nguvu tu, hakuna tabaka kumi za kuhesabu. Mzigo wetu nao haupimwi: mizani ya Wenda na Makambako inasimamisha malori, pikapu inapita.

Kwa hiyo badala ya matairi nilimtumia mdogo wangu hela ya mawili mapya, kwa sharti moja, kabla hajalipa anipigie picha ya ubavu. Duka la kwanza picha ilisoma 1117. Muuzaji alimwambia ni jipya, halijawahi kugusa barabara, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia aliache. Duka la pili mwenye duka alikasirika kuona mteja anapiga picha, akamtoa. La tatu, Iringa mjini, mama mwenye duka alimletea tochi mwenyewe, wakasoma pamoja, na tarakimu zilikuwa za mwaka jana.

Yamefungwa nyuma, kwenye mzigo. Ya mbele ni ya 2018, tumekubaliana asishuke nayo Kitonga mpaka nitume tena mwezi wa nane. Ya zamani ameyapeleka kwa mzee anayekata katambuga, vile viatu vya tairi, pale sokoni.