Picha Yangu Ilirudishwa kwa Sababu “Ina Siasa”

Wiki mbili zilizopita nilirudishiwa picha yangu. Nilikuwa nimeipeleka kwenye maonyesho hapa Mombasa, na mwandalizi, mtu mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, aliishika kwa mikono miwili, akausifu mwanga wake, kisha akasema, “Kaka, picha ni nzuri, lakini ina siasa. Tuletee ile ya ngalawa na machweo.” Picha yenyewe inaonyesha akina mama wa Kisauni wameketi juu ya mitungi ya njano wakisubiri maji, na nyuma yao pana ukuta wenye bango la kampeni ambalo mvua imelimega hata likabakiwa na tabasamu la mgombea na nusu ya ahadi yake. Sikuwapanga akina mama wale, wala bango sikulibandika mimi.

Nilipokuwa nikiifunga kwa gazeti niliinua macho, nikaona juu ya meza yake picha ya Rais ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Hiyo hakuna aliyesema ina siasa.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu siku ile. Picha ya kwanza ya kisiasa ambayo mtoto wa kwetu huiona ni ile iliyotundikwa dukani, juu ya mabunda ya unga na kalenda, mahali palipopita kimo cha mtu mzima, ili kila aitazamaye ainue uso. Aliyeipiga alichagua suti, bendera, mwanga na upande wa kuelekeza macho, na hakuchagua hata kimoja bila sababu. Utawala ukibadilika huteremshwa, ukutani pakabaki mstatili mweupe ambao moshi na vumbi havikuufikia, mpaka mpya iletwe. Tumeizoea kama tulivyozoea saa ya ukutani, na kwa mazoea hayo tumekubali kwamba picha inayowatazama wananchi kutoka juu ni pambo, ilhali picha inayowatazama wakubwa kutoka chini ni uchochezi.

Mchoraji Gideon Kibet, tunayemfahamu kwa jina la Kibet Bull, aliichukua sura hiyohiyo ya dukani akaiondolea kila kitu. Alichora vivuli vyeusi visivyo na macho wala mdomo, na nchi nzima ikamtambua mwenyewe kwa umbo tu. Desemba 2024 alitekwa, na ndugu yake pia; polisi wakakana kuwashikilia, na Januari 2025 wakarejea wakiwa hai. Nimevitazama vivuli vile mara nyingi nikijiuliza nguvu yake ilitoka wapi. Nadhani viliuma kwa sababu vilimnyima mwenye sura kile ambacho picha ya dukani humpa, yaani macho ya kututazamia. Kule Tanzania, Julai 2024, kijana mchoraji wa Mbeya alihukumiwa kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 5 baada ya kuonekana kwenye video akichoma picha ya Rais, na watu wakachangishana fedha mtandaoni kumlipia faini hiyo. Kwa pambo tu, mtu hafungwi miaka miwili.

Nakiri kwamba zipo picha zilizovuka mpaka. Zile za akili mnemba zilizomwonyesha Rais wetu ndani ya jeneza sikuzipenda, na mwanangu angezisambaza ningemkemea. Lakini kukemea ni kukemea. Kumchukua kijana wa mtu kwa gari lisilojulikana ni jambo jingine kabisa, na hakuna picha inayolihalalisha.

Wanaohofia kwamba picha zitawasha moto wakumbuke Picha Mtaani. Boniface Mwangi alipiga picha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, kisha yeye na wenzake wakazitoa picha hizo barabarani, zikazungushwa mji hadi mji, ili mpita njia akutane uso kwa uso na yaliyotendwa na majirani zake, au naye mwenyewe. Katika jumba la wageni waalikwa zisingewafikia watu hao.

Yangu sasa iko kwa kinyozi wangu, Kisauni. Palikuwa na msumari mmoja mtupu, chini kidogo ya picha ya Rais, naye akaitundika hapo, hivi kwamba mteja akikaa kitini huziona zote mbili kwenye kioo. Jumamosi mzee mmoja, povu likiwa bado nusu ya kidevu, alimwomba kinyozi asubiri, akainuka na shuka yake shingoni, akaisogelea, akaipitia mitungi mmoja mmoja kwa kidole. Alipoufikia wa tano, uliofungwa kamba ya bluu mkononi, akasema, “Huu ni wa nyumbani kwangu.”